Sababu: Mstari Mmoja

Fomu ya idara ina mstari mmoja tu wa sababu,
urefu wake kama njiti ya kiberiti.
Ni mwezi wa nane Tabora, miombo imepukutisha,
upepo unaleta majivu ya Sikonge hadi mezani kwangu.
Nayafuta kwa kiganja. Yanahamia kiganjani.

Mihayo alichoma bani lake mwenyewe, kule Urambo,
tumbaku ya msimu mzima ikiwa imening'inia ndani,
wiki ile chama cha msingi kilipomsomea makato
mpaka mavuno yakawa yao, deni likawa lake.
Nikaandika: hasira.
Akalisoma neno kichwa chini miguu juu, akaguna.
"Hasira ilikuwa mwezi wa sita, bwana afisa.
Siku ile nilikuwa mtulivu. Nilifagia kwanza.
Nilitoa kuku. Nilitoa hata jembe la jirani.
Nilitaka mwaka huu kitu kimoja nikimalize mimi."
Nikafuta hasira. Karatasi ikatoboka.

Wale wanne wa bweni walijibu kwa pamoja,
kila mmoja akimtazama mwenzake mdomoni.

Kapela, mgambo wa Tutuo, ni hadithi nyingine.
Kila moto ulipozuka pembeni mwa msitu
yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika,
tawi bichi mkononi, shati limeloa, sauti imepanda.
Mara tano walimpigia makofi.
Mara ya sita alifika kabla ya moshi.

Nyamizi wa Ipuli hakukaa kwenye kiti.
"Sikuchoma nyumba," alisema. "Nilichoma godoro.
Nyumba ilijiunga yenyewe."
Mumewe alilala juu ya godoro lile miaka mitatu,
akiisha kidogo kidogo, kama sabuni.
Walipomzika, ndugu waligawana redio, baiskeli, mabati ya akiba.
Godoro wakamwachia yeye.
Aliliosha. Alilianika. Aliligeuza.
"Harufu haina upande wa pili," alisema,
na nikaweka kalamu chini,
maana hakuna kisanduku cha harufu.

Kisha akaja Lushinge, miaka kumi na miwili,
kaptura ya shule, unyusi mmoja umeungua.
Hana kisasi. Hana deni. Hakutumwa na mtu.
Banda la nyasi, ghala la pumba, choo cha mwalimu.
Nikamuuliza kama wenzangu walivyonifundisha:
ulijisikiaje kabla? ulijisikiaje baada ya?
Akaniangalia kama mtu anayeulizwa rangi ya maji.
"Kabla ya mwanga kuna sauti," alisema.
"Ndogo. Chrrr. Kama kitu kinakuita jina
halafu kinabadili mawazo.
Wewe umewahi kuisikia?"

Nilimwambia maswali nauliza mimi.

Lakini kule Ndala, nikiwa mdogo kuliko yeye,
palikuwa na mzinga wa gome juu ya mninga
na nyasi kavu chini yake, na mimi, na mchana mrefu.
Nyuki walitoka kama cheche zinazojua njia.
Sikumchukia mtu yeyote. Niseme nini zaidi?
Nilisimama mpaka uso ukakauka,
moyo ukiwa umekaa kimya kwa mara ya kwanza mwaka ule.
Ntabaye mrina asali ndiye aliyeshikwa,
kwa kuwa moshi ulikuwa kazi yake.
Alilipa mbuzi watatu, akahama na mke wake
siku ya gulio, watu wakiwa hawapo.
Mimi nilimsaidia kufunga mzigo.
Alinipa kipande cha sega.
Nilikila chote.

Lushinge bado anangoja jibu, miguu haifiki sakafuni.
Kwenye mstari wa sababu nimeandika: haijulikani.
Ni neno la watu waliosoma.

Kielelezo namba moja: kiberiti, njiti kumi na nne.
Jioni, wote wameondoka, taa ya korido imezimwa,
kabla ya kufunga kabati nilihesabu tena,
nikakata namba,
nikaandika kumi na tatu.